Wasomaji Wanauliza: Kukaa Kijijini Italia kwa Pesa Kidogo

Barua za safari hii nyingi zimehusu vijiji vya Italia. Wapo wenye ndugu walioolewa au wanaosoma huko, wapo wa pwani waliofanya kazi na Waitaliano miaka mingi na sasa wanataka kuona kwao. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Palipoandikwa "karibu", bei ni ya kukadiria.

Mimi na mke wangu tutakaa siku 10 mwishoni mwa Septemba katika kijiji karibu na Orvieto. Tumeambiwa vijijini bei ni nusu ya Roma, lakini rafiki aliyekwenda anasema alitumia zaidi kuliko angekaa Roma. Nani mkweli? — Msomaji, Arusha

Wote wawili. Kitanda kijijini ni rahisi kweli: chumba cha watu wawili ambacho Roma kingewatoka kwa euro 120 mnaweza kukipata kwa karibu 60 au 70. Pesa huvujia kwingine. Basi la mwisho likishaondoka, teksi ya kilomita 20 inaweza kula euro 40 na zaidi, maana dereva anatoka mjini kuja kuwafuata na anahesabu kwenda na kurudi. Duka likiwa limefungwa, mnakula mgahawani mchana na usiku. Siku mbili za namna hiyo zinatosha kumaliza nafuu yote ya kitanda. Kwa hiyo kabla ya kuchagua nyumba, chagueni basi la kuwafikisha.

Tuifuate njia yenu. Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino wageni wengi hupanda treni ya Leonardo Express hadi stesheni kuu, Roma Termini, kwa euro 14. Ninyi hamna haja na Termini. Pandeni treni ya kawaida ya njia ya FL1, euro 8, mshuke Roma Tiburtina. Hapo hapo hupita treni za kwenda Orvieto na Firenze. Tafuteni iliyoandikwa Regionale au Regionale Veloce: hadi Orvieto ni karibu euro 9 kwa mtu, mwendo wa saa moja na robo hivi. Nauli ya treni hizi haipandi hata ukinunua dakika ya mwisho, kwa hiyo msikate tiketi mkiwa bado nyumbani. Ndege ikichelewa, hamjapoteza kitu. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda, na ikishagongwa inadumu saa 4. Asiyegonga hutozwa faini hata kama nauli amelipa.

Stesheni ya Orvieto iko bondeni na mji uko juu ya mwamba. Mkabala na stesheni kuna funicolare, kigari kinachovutwa kwa kamba kupanda mlima, na nauli yake ni ndogo. Kutoka Orvieto kwenda Bagnoregio, mji mdogo ulio jirani na kile kijiji mashuhuri cha Civita, ni basi la bluu la kampuni ya Cotral, mwendo wa chini ya saa moja. Jumapili na sikukuu basi hilo haliendi kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Msipange kufika wala kuondoka Jumapili.

Ratiba za mabasi zina maneno matatu ya kuyajua. Feriale ni Jumatatu hadi Jumamosi, ndiyo, pamoja na Jumamosi. Festivo ni Jumapili na sikukuu. Scolastico, mara nyingi hufupishwa kuwa scol., ni siku za shule tu. Neno hilo la tatu ndilo linaloumiza wageni wa Julai na Agosti, kwa sababu kazi kubwa ya basi la kijijini ni kupeleka wanafunzi mjini, na shule zikifungwa mapema Juni nusu ya safari zinaweza kutoweka. Ninyi mnakwenda mwishoni mwa Septemba, shule zimeshafunguliwa, mna bahati. Muda nao huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 18:40 ni saa 12:40 jioni kwetu. Yupo atakayesoma 8:40 akaielewa kuwa saa 8:40 mchana, naye basi lake limeondoka saa 2:40 asubuhi.

Kituoni angalieni mko upande gani. Kule magari hupita kulia. Mkisimama upande mliouzoea Arusha, mtaona basi lenu likipita ng'ambo ya pili. Na likija, punga mkono. Vituo vingi vya vijijini dereva hasimami bila kupungiwa. Tiketi hununuliwa kwenye baa au duka lenye herufi kubwa T mlangoni, liitwalo tabacchi. Nunueni ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa sababu mchana duka hilo hufungwa, na ndani ya basi tiketi ama ni ghali zaidi ama haiuzwi.

Kuhusu mahali pa kulala, ushauri wetu ni Bagnoregio kwenyewe au Orvieto, si Civita. Civita inafikika kwa miguu tu, kupitia daraja la waenda kwa miguu lenye urefu wa karibu mita 300 linalopanda kwa ukali mwishoni, na kiingilio ni euro 5. Kuburuta masanduku pale ni adhabu, na chakula chote kinabebwa au kinaliwa mgahawani. Kutoka kituo cha basi cha Bagnoregio hadi darajani ni karibu kilomita 2, kwa hiyo mnaweza kwenda asubuhi mapema kabla ya makundi ya watalii, mkarudi kupika kwenu.

Maduka nayo yana saa zake. Hufungwa karibu saa 7 mchana hadi saa 10 au 10 na nusu jioni, Jumapili mengi hayafunguki, na mara nyingi kuna alasiri moja katikati ya juma yanapumzika. Siku hiyo imeandikwa kwenye kibao mlangoni. Mgahawani chakula cha mchana cha siku za kazi, kiitwacho pranzo di lavoro, kwa karibu euro 12 hadi 15 kinawapa tambi, nyama au samaki, mboga na maji. Chakula hicho hicho usiku mtalipa karibu mara mbili. Kuleni mgahawani mchana, usiku pikeni. Kahawa inyweni mmesimama kaunta. Mkikaa mezani bei inaweza kupanda. Coperto kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani, karibu euro 2 kwa kila mtu, hamjaibiwa. Maji ya bomba la uwanjani ni salama isipokuwa pameandikwa "acqua non potabile".

Dada yangu anaishi na mumewe kijiji kimoja cha mkoa wa Umbria. Anasema barua yake ya mwaliko inatosha, sihitaji hoteli wala kuonyesha pesa. — Msomaji, Mombasa

Hoteli ni kweli, pesa si kweli. Barua yake, pamoja na nakala ya kitambulisho chake, inaonyesha utalala wapi. Uwezo wa kujikimu ni jambo jingine. Italia ina jedwali lake: kwa anayesafiri peke yake siku 6 hadi 10, ni euro 44.93 kwa kila siku. Kwa wanaosafiri wawili au zaidi, 26.33 kwa kila mmoja. Siku 10 peke yako, basi, ni euro 449.30. Pesa hizo zionekane kwenye taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Akaunti iliyojazwa ghafla wiki moja kabla ya maombi huzua maswali kuliko ile yenye kiasi cha wastani kinachoingia na kutoka kila mwezi. Ikiwa huna uwezo huo, mwenyeji wako anaweza kukuwekea dhamana ya benki, fideiussione, na hiyo ina gharama yake huko.

Ada ya viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 hulipiwa 45, mdogo zaidi hatozwi. Ukikataliwa hairudishwi. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike siku zote za safari. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, isizidi miaka 10 tangu itolewe, na iwe na kurasa 2 tupu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Majibu huchukua kawaida siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Usilipe tiketi ya ndege isiyorudishika kabla ya viza. Peleka uthibitisho wa nafasi uliyoshikiwa.

Ukishafika kuna mawili ambayo dada yako huenda hayajui. La kwanza ni lake: anayempokea nyumbani mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya lazima atoe taarifa kwa maandishi ndani ya saa 48. Palipo na kituo cha polisi cha serikali anapeleka huko. Kijijini ambako hakipo, anapeleka ofisi ya meya, kwenye jengo la Comune. Asipofanya hivyo faini ni kati ya euro 160 na 1,100, na wewe ndiye utakayeonekana umemletea balaa. La pili ni lako. Ukiingia Italia ukitokea nchi nyingine ya Schengen, tuseme ulibadilisha ndege Amsterdam au Frankfurt, una siku 8 za kwenda kujitambulisha kwenye ofisi ya polisi iitwayo Questura. Anayelala hotelini hufanyiwa hilo na hoteli, wewe wa nyumbani hufanyiwi na mtu. Ukipitia Addis Ababa, Istanbul au Doha na kutua Italia moja kwa moja, ukaguzi wa pasipoti uwanjani unatosha.

Nimeona mtandaoni nyumba ya kijijini kwa euro 30 kwa usiku. Mwenyewe anataka nimtumie nusu ya pesa moja kwa moja, nje ya tovuti. Nitajuaje ni ya kweli? — Msomaji, Dar es Salaam

Muulize CIN. Ni namba ya taifa ya utambulisho ambayo kila nyumba ya kupangisha wageni Italia inatakiwa kuwa nayo tangu tarehe 1 Januari 2025. Huanza na herufi IT, lazima iwe kwenye tangazo na iandikwe nje ya jengo. Asiye nayo, au anayejibu kwamba itatolewa ukifika, achana naye. Hata akiwa nayo, usilipe nje ya tovuti, kwa sababu mambo yakiharibika tovuti haitakutambua.

Kisha soma chini ya bei. Pulizie finali ni usafi wa mwisho, biancheria ni mashuka na taulo, na tassa di soggiorno ni kodi ya wageni, kijijini mara nyingi euro 1 au 2 kwa mtu kwa usiku, hulipwa taslimu. Tuipigie hesabu nyumba yako kwa watu wawili, usafi ukiwa euro 50 na mashuka 10 kwa kila mtu. Usiku 3 ni 90, ongeza 70, jumla 160: umelala kwa euro 53, si 30. Usiku 7 ni 210, ongeza 70 ile ile, jumla 280: umelala kwa euro 40. Nyumba yenye jiko huanza kuwa na maana kuanzia usiku wa nne au wa tano. Pungufu ya hapo chukua chumba chenye chai ya asubuhi.

Jihadhari pia na agriturismo, malazi ya shambani. Ni mazuri na chakula chake kizuri, lakini yako nje ya kijiji, na tangazo likisema dakika 5 kutoka katikati, dakika hizo ni za gari. Kwa asiye na gari, casa per ferie za masista na nyumba za wageni za watawa ni safi, bei ya wastani, na mara nyingi ziko ndani ya mji. Uliza lango hufungwa saa ngapi usiku.

Mwenyeji atakuomba pasipoti mara ufikapo. Anatakiwa kutuma majina ya wageni polisi ndani ya saa 24, usimshuku.

Binti yangu anasoma Perugia, amepanga nyumba kijijini na wenzake wawili. Umeme unakatika kila wakipika na mwenye nyumba anawalaumu wao. Deni la umeme hakuna. — Msomaji, Kisumu

Hakuna hitilafu. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3, na mita huvumilia ziada ya asilimia 10 tu, yaani 3.3. Ukipita hapo kidogo hukuachia kwa muda. Ukipita sana hukata ndani ya dakika chache. Sasa jumlisheni: oveni wati 2,000, birika la umeme 2,000, mashine ya kufulia inapopasha maji karibu 2,000, na hita ya maji ya kuogea 1,200 au 1,500 ambayo hujiwasha yenyewe bila mtu kuigusa. Viwili vikubwa pamoja vinatosha.

Wazime kwanza vitu hivyo, ndipo wapandishe swichi. Ikiwa swichi ya ndani iko juu na bado giza, iliyoanguka ni ya mita, ambayo mara nyingi iko chini ya ngazi au kwenye kijisanduku nje ya ukuta. Waitafute mchana wajue ilipo. Na wasipachike adapta juu ya adapta: plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kule, soketi za Italia zina matundu matatu ya duara kwenye mstari mmoja, tena za saizi mbili, ya amperi 10 na ya amperi 16.

Assalaam aleykum. Tunakwenda watu wanne, Waislamu, kijiji cha milimani. Tutakula nini? Na ugali je? — Msomaji, Unguja

Waaleykum salaam. Mtakula vizuri, ila mjue maneno, kwa sababu nguruwe kule hajifichi kwenye nyama peke yake.

Strutto ni mafuta ya nguruwe. Yamo kwenye piadina nyingi, mikate ya bapa kama chapati, kwenye baadhi ya mikate ya focaccia na kwenye biskuti za bei ndogo. Soma viungo nyuma ya pakiti. Guanciale na pancetta, nyama za nguruwe zilizokaushwa kwa chumvi, ndizo nyama za tambi za carbonara, amatriciana na gricia. Ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Supu za maharage na dengu zinazoonekana hazina hatia huweza kuanzishwa kwa kipande cha ngozi au mafuta yake. La kushangaza zaidi ni colla di pesce. Jina maana yake ni gundi ya samaki, lakini inayouzwa leo kwa kawaida ni jelatini ya nguruwe, nayo ndiyo inayogandisha panna cotta, kitindamlo cha malai. Tiramisù, kitindamlo cha kahawa, mara nyingi hutiwa pombe. Jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kila mtu na msimamo wake katika hilo.

Vya kuagiza bila wasiwasi mkubwa ni tambi al pomodoro (za nyanya) au aglio e olio (za kitunguu saumu na mafuta), pizza marinara ambayo ni nyanya, kitunguu saumu na oregano bila jibini, samaki wa kuchoma, mayai, na mboga za kuchoma. Semeni: "senza maiale, senza strutto, senza vino", yaani bila nguruwe, bila mafuta yake, bila divai. Divai isitajwe kwa aibu. Wapishi wengi huimimina kwenye kikaango kwa mazoea na hawaihesabu kuwa kinywaji. Nyama halali hupatikana miji mikubwa kwenye bucha lililoandikwa macelleria islamica. Nunueni siku mnayopita mjini, mgandishe.

Duka la chakula la kijijini, alimentari, ndilo duka la mangi la huko: mkate, jibini, mafuta, sabuni, na maneno ya mtaa. Bei kwenye kaunta inaweza kuandikwa kwa etto, na etto ni gramu 100. Jibini iliyoandikwa euro 2 kwa etto ni euro 20 kwa kilo. Mkisema "un etto" mtapata vipande vyembamba vya kutosha mikate mitatu. Mkate wa Umbria na Toscana hautiwi chumvi, haujaharibika. Matunda msiyashike sokoni, muuzaji ndiye anayechagua. Kwenye supamaketi mnavaa glovu za plastiki, mnapima wenyewe kwa kubonyeza namba ya tunda, na kubandika stika kabla ya kufika kwa keshia.

Ugali upo, umevaa jina la polenta. Tatizo ni kuchagua unga. Uliozoeleka ni wa njano wenye chenga kubwa, bramata. Huo unahitaji dakika 40 za kusonga na bado unabaki na mchanga mdomoni. Ulioandikwa istantanea au precotta umeshapikwa kiwandani, haushiki, unabaki uji mzito. Mnaoutaka ni fioretto, uliosagwa laini. Unga mweupe, polenta bianca, ni wa kaskazini mashariki, huko Veneto, na katikati ya nchi ni nadra. Kwa watu wanne: maji lita 1, fioretto gramu 450 hadi 500. Chemsha, tia theluthi ya unga ichemke kama uji dakika 5, kisha ongeza uliobaki na usonge dakika 10 moto mdogo. Utakuwa wa njano na mtamu kidogo kuliko sembe, lakini unashika mkononi.

Naishi Maskati. Desemba tunataka kijiji cha Abruzzo, tumeona nyumba yenye jiko la pellet. Jiko hilo ni nini, na baridi ikoje? — Msomaji, Maskati

Baridi ni ya kweli. Scanno iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, Santo Stefano di Sessanio zaidi ya 1,200. Kuta za mawe zenye unene wa nusu mita ambazo Agosti hukupoza, Desemba zinakuwa friji ikiwa nyumba ilikaa tupu. Mwombe mwenye nyumba awashe joto siku moja kabla hamjafika, na muulize kwa maandishi kama riscaldamento, yaani joto la nyumba, imo kwenye bei au mtalipia kilichotumika. Wiki ya Desemba, kulipia joto kunaweza kuifanya nyumba ya bei rahisi iwe ghali kuliko hoteli.

Pellet ni vijiti vya vumbi la mbao lililobanwa, huuzwa mifuko ya kilo 15. Jiko hula karibu kilo 1 kwa saa likiwa moto wa wastani, hivyo mfuko mmoja ni siku moja. Kila asubuhi likiwa limepoa kabisa, toa kikombe cha chuma pellet zinamounguzwa, safisha majivu na uzibue vitundu vya chini, ukirudishe kikae sawa. Kioo kikiwa cheusi na moto mwekundu mvivu, hewa haipiti: kikombe kimeziba. Likishindwa kuwaka, usibonyeze kuwasha tena kabla ya kuondoa pellet zilizorundikana kwenye kikombe. Zikishika moto zote kwa pamoja zinatoa moshi mzito na zinaweza kulipua mlango. Na usilizime kwa kuchomoa waya, feni lazima imalize kazi yake. Umeme ukikatika nalo linazima, kwa hiyo blanketi ziwepo.

Kwenda Scanno kwa usafiri wa umma ni treni hadi Sulmona, halafu basi la kampuni ya TUA linalopita kwenye korongo la Sagittario, karibu saa moja. Kwa gari, barabara nyingi za huko zinadai matairi ya baridi au minyororo ndani ya gari kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili.

Tukikodi gari? — Msomaji, Nairobi

Mkiwa wanne, mara nyingi inalipa. Leseni ya Kenya iandamane na kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho hutolewa nyumbani kabla ya safari. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana. Hatari kubwa ni ZTL, eneo la katikati ya mji linalozuiwa kwa kamera. Bango likisema "varco attivo" maana yake kamera inafanya kazi, usiingie; wengi huelewa kinyume, wakidhani njia iko wazi. Faini hufuata nyumbani baada ya miezi, na kampuni ya gari huongeza ada yake ya kutoa jina lako. Egesha nje ya kuta za mji. Mistari myeupe ni bure, ya bluu ni ya kulipia, ya njano usiguse.

Ni kweli nyumba zinauzwa kwa euro 1? — Msomaji, Dodoma

Ni kweli, na hiyo euro 1 ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Sambuca di Sicilia, ambayo ilivuma 2019, iliuza kwa mnada kuanzia euro 1, ikadai dhamana ya euro 5,000 na ukarabati wa angalau euro 15,000 ndani ya miaka 3. Ongeza mthibitishaji wa mikataba, mchoraji wa ramani za nyumba na kodi. Kununua hakukupi viza. Na raia wa nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya hukaguliwa kama nchi yake inamruhusu Mwitaliano kununua huko, kanuni wanayoiita reciprocità. Mtanzania ajue sheria yetu ya ardhi kwa wageni italetwa mezani.

M-Pesa itanisaidia kijijini? — Msomaji, Nakuru

Kadi yake ya mtandaoni inalipia nyumba na tiketi kwenye tovuti. Noti haikutolei. Beba kadi ya plastiki ya benki na euro taslimu za siku 2 au 3, kwa noti ndogo; noti ya 100 kwenye baa ya kijijini haina chenji. Mashine ikikuuliza kama ikutoze kwa shilingi au kwa euro, chagua euro siku zote, kwa sababu kiwango chake cha kubadilisha ni kibaya kuliko cha benki yako. Pasipo na benki, tafuta ofisi ya posta yenye mashine ya Postamat ukutani nje. Ofisi zenyewe vijiji vidogo hufunguliwa siku chache kwa wiki, tena asubuhi tu.